Shahidi Juu, Mgonjwa Chini

Tulimwita Fundi. Katika karatasi za hospitali cheo chake kilijaza mstari mzima, lakini yeye alisema kazi yake ni ya fundi tu: kukata, kupaka rangi, kunyamaza. Kukata na kupaka rangi sina neno. Kunyamaza alikuwa anatania, maana sijakutana na mwanamke mwenye ulimi mkali kama wake, na nilikaa naye miaka kumi na mmoja katika chumba ambacho mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anasema pole bila kuinua sauti.

Naandika habari zake kwa sababu ya kioo kimoja, kile chembamba cha kuwekea kitu chini ya hadubini. Kioo hicho kilidanganya familia moja ya Dunga, kikamfanya kijana wao aache kwenda kupimwa alipopaswa kwenda. Fundi ndiye aliyekosea. Mimi ndiye niliyejua na kukaa kimya. Ningependa kusema kwamba nimeshapima ni nani kati yetu aliye na kosa kubwa, lakini sijapima, na nikianza tu kufikiri nakasirika.

Kazi yetu watu wengi hawaijui. Daktari wa upasuaji akitoa uvimbe tumboni mwa mtu, kipande kinaletwa kwetu ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kukizuia kisioze. Tunakigandisha ndani ya nta mpaka kipande na nta vinakuwa kitu kimoja, mfano wa sabuni ya mche iliyokatwa ndogo. Mashine yenye wembe inakichana utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, utando unaelea juu ya maji ya vuguvugu, nasi tunauokota kwa kioo. Ukishapakwa rangi, daktari wa patholojia anautazama kwa hadubini na kuandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atakatwa tena, atapewa dawa, au atarudi nyumbani kwake.

Sasa Kisumu si mji wa nta. Kufika saa nane mchana joto limeshaingia chumbani, nta imelegea, na wembe unaukunja utando badala ya kuukata. Dawa yake ni barafu. Mashine ya barafu ya hospitali ilikuwa ikiharibika kila baada ya wiki mbili, na Fundi hakuwa mtu wa kuandika barua na kungoja majibu. Alikwenda Dunga, ufuoni mwa ziwa, akaongea na mama mmoja muuza samaki, na tangu siku hiyo mama huyo akawa anatuletea barafu kwa boda ndani ya ndoo yenye kifuniko. Huyo mama tukamwita Mama Barafu.

"Hii barafu inanuka samaki," nililalamika siku ya kwanza.

"Na wewe unanuka fomalini," Fundi alinijibu. "Nani amelalamika?"

Alikuwa na mambo yake. Hakuruhusu mtu yeyote akiite kipande sampuli. Kilichokuja kwenye chupa kilikuwa mgonjwa. "Mgonjwa amefika," angesema akipokea chupa. "Mgonjwa wa Awasi bado ako kwa nta." Wanafunzi waliokuja mafunzoni walicheka, na kila mwaka aliyecheka alijuta. "Unacheka nini? Huyu ametoka kwao na miguu yake, saa hii ako kwa mkono yako. Ukimpoteza, utaenda kukata mwingine wapi?" Alikuwa mzee wa kanisa upande wa akina mama, anayeongoza nyimbo, lakini wembe ukikwaruza alitukana kwa Dholuo maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Chai alikunywa amesimama koridoni, ikiwa moto wa kuunguza, na sikuwahi kumwona akimaliza kikombe.

Kwa watu wa nje alikuwa mpole hata ungedhani ni mtu mwingine. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Nyalenda aliyekuja mara nne kuulizia majibu ya mke wake. Fundi hakuwa na ruhusa ya kutoa majibu. Alichofanya ni kukaa naye kwenye benchi saa nzima mpaka daktari akaja, wakila nyoyo ya Fundi, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kutoka kopo moja, wakizungumza habari za mvua. Kisha akaingia ndani, akaona lebo niliyoandika vibaya, akanichambua mbele ya wote mpaka nikatamani sakafu ipasuke.

Maana hapo ndipo palipokuwa na ukatili wake, na siwezi kuuita jina lingine. Ukutani, juu ya mashine, aliweka ubao. Kioo kilichoharibika kilibandikwa pale, na chini yake jina la aliyekiharibu, wiki nzima. "Kosa ya hapa hailali kwa droo," alisema. "Inalala kwa ukuta, kila mtu aione." Aliamini hivyo kabisa. Hakuona kwamba watu walianza kufanya kinyume. Mwenzetu mmoja alipasua kioo akakitia mfukoni kwenye koti, akaenda nacho nyumbani, na tulijua baada ya miezi. Mwingine aliomba uhamisho akisema joto la Kisumu linamsumbua, naye alikuwa akienda Lodwar, kwenye joto kali kuliko letu.

Miaka michache kabla ya kustaafu kwake zilikuja dawa za kutafuta protini. Hizi si rangi za kawaida. Kila moja inatafuta protini moja tu ndani ya seli. Ikiipata, pale panageuka kahawia. Isipoipata, panabaki samawati hafifu. Iko inayoonyesha seli zinazogawanyika, ambayo kwayo daktari anakisia kama uvimbe unakimbia au unatembea. Na kwa saratani ya utumbo mpana ziko nne ambazo Fundi aliziita askari wanne, kwa kuwa kazi yao mwilini ni kusahihisha makosa seli inapojinakili. Askari mmoja akikosekana ndani ya uvimbe, huenda kasoro hiyo ni ya kurithi, na hapo habari si ya mgonjwa peke yake tena. Ndugu zake wa tumbo moja wanapaswa kuchunguzwa utumbo kwa kamera mapema, wakati kilichoota bado ni kidogo cha kung'olewa.

Tulidhani atatuachia sisi mambo hayo mapya. Wapi. Alinunua daftari, akaandika kila hatua kwa kalamu mbili, nyekundu na ya samawati, akakariri kama mtoto wa katekisimu. Na akatuwekea sheria. Kwenye kila kioo cha protini tunaweka vipande viwili. Kimoja ni cha mgonjwa. Cha pili ni cha uvimbe wa zamani tunaoujua, ambao askari wote wamo, nacho huthibitisha kwamba dawa imefanya kazi. Hicho cha pili alikiita shahidi. Shahidi alikaa upande wa lebo, mgonjwa upande wa pili. "Shahidi juu, mgonjwa chini," tulirudia mpaka midomo ikachoka. Na kabla ya kioo kutoka, lazima watu wawili wakitazame. Wawili, isipokuwa kama kimekatwa na yeye.

"Mimi nilianza kukata kabla hujazaliwa," alisema nilipomuuliza. "Utaangalia nini?"

Sikuuliza tena. Laiti ningeuliza.

Mama Barafu alianza kukaa upande kwenye kiti. Tulimwona sote, hakuna aliyefikiri kitu. Fundi ndiye aliyemfungia mlango siku moja na kumwuliza waziwazi, naye akakiri kwamba anaona damu chooni, mwaka sasa, na kwamba ni bawasiri tu, ameshapewa miti shamba. Fundi hakubishana. Alivua koti, akamshika mkono, akampeleka kliniki yeye mwenyewe na kusimama naye kwenye foleni. Wiki chache baadaye alipasuliwa. Kipande kikaletwa kwetu.

"Mgonjwa amefika," Fundi alisema. Hakutaja jina. Akatuzuia sote tusimguse.

Alasiri ya kukata, siku chache baadaye, stima ilipotea mara mbili. Maji yalipoa, yakapashwa tena, jenereta ikanguruma, na barafu siku hiyo hapakuwa na wa kuileta. Fundi alikata vioo vyote vinne kwa mkono wake huku jasho likimtiririka, na hakuna aliyevitazama baada yake. Daktari wa patholojia, ambaye alikuwa akisoma vioo vya hospitali tatu peke yake, aliona kahawia kwenye vioo vyote, akaandika kwamba askari wote wanne wapo.

Mama Barafu alirudi kazini akiwa amekonda lakini anacheka. Alituletea ndoo mbili.

"Daktari amesema hii yangu si ya kurithi," alisema. "Nimeambia ndugu zangu wakae raha. Huyu mdogo wangu wa injini alikuwa amepewa siku ya kamera, akaogopa hiyo kitu mbaya sana. Nimemwambia aache tu."

Mdogo wake alikuwa fundi wa injini za boti pale pale Dunga, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Tulicheka pamoja naye kwa hofu yake ya kamera. Nami nilicheka.

Miezi mitano baadaye nilikuwa natafuta vioo vya kuwaonyesha wanafunzi. Nikatoa vile vya Mama Barafu kabatini, nikaviweka chini ya hadubini kimoja kimoja. Lazima nieleze kitu. Kipande cha nta ukikikata mara mia, kila utando unatoka na umbo lile lile. Shahidi wetu nilikuwa nimemkata mimi mwenyewe mara zisizohesabika, na umbo lake nililijua kama ninavyojua kiganja changu: haragwe lililoumwa upande mmoja. Kwenye kioo cha askari wa pili, haragwe lilikuwa chini. Juu, upande wa lebo, alikuwa mgonjwa, na uvimbe wake ulikuwa samawati, samawati tupu, isipokuwa madoa ya kahawia kwenye seli zisizo na ugonjwa za pembeni ambazo hupata rangi siku zote. Daktari aliona madoa yale, akadhani shahidi amesema, akashuka chini kusoma. Alimsoma shahidi akidhani ni mgonjwa.

Stima ilipopotea, Fundi alikuwa amekigeuza kioo kimoja mkononi. Basi. Ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi hata kulielewa.

 Nilijua kila kitu kinachopaswa kufanywa, na nilijua kwa utaratibu wake. Kumwambia Fundi, kumwambia daktari, kurekebisha ripoti, kuwaita ndugu. Badala yake nilivirudisha vioo kabatini. Nikajiambia kwamba huenda nimeona vibaya. Siku ya kumi na mbili, Fundi akiwa ameenda mkutanoni, nilikata kioo kipya kwa siri, nikakipaka dawa, shahidi juu, mgonjwa chini. Askari wa pili hakuwepo. Sasa sikuwa na kisingizio, na bado nikakaa wiki nyingine.

Kwa nini? Watu wameniuliza, nami nimejibu vitu vya busara, kwamba nilitaka uhakika, kwamba Fundi alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu na tulikuwa tumeanza kupanga sherehe. Ukweli ni mdogo na una aibu. Nilimwogopa. Niliwaza uso wake nitakapomwambia kwamba amekosea, na kila asubuhi nilisema kesho. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Siku ya kumi na tisa Mama Barafu alileta ndoo, akaketi kupumzika.

"Huyo mdogo wangu siku hizi hali chakula," alisema. "Tumbo inamuuma. Anasema ni asidi."

Alipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi nikaweka vioo viwili mezani, cha zamani na kipya.  Aliinama kwenye hadubini. Alitazama cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza. Nilingoja ulimi ule. Haukuja.

"Ulijua lini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Leo, Fundi."

 Kisha akachukua kile kioo chake, akaandika jina lake lote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akavibandika ukutani. Mikono yake ilikuwa imara kabisa. Akaenda kwa daktari, na kabla ya saa tisa ripoti ilikuwa imerekebishwa. Nilidhani hospitali itawapigia simu ndugu. Fundi alikuwa ameshavaa viatu vya nje.

"Simu ni ya watu hawana miguu," alisema. "Twende Dunga."

Tulimkuta Mama Barafu akipanga samaki aina ya ngege kwenye sanduku. Fundi hakuzunguka. Alimweleza akiwa amesimama, mbele ya wauzaji wengine, kwa maneno ambayo mtoto angeyafahamu.

"Kwa hivyo mlinidanganya," Mama Barafu alisema taratibu.

"Mimi ndiyo nilikosea. Si daktari. Si huyu. Mimi."

"Na nikaambia ndugu zangu wakae raha."

"Uliwaambia yenye nilikuambia."

Mama Barafu alifunika samaki wake, akaosha mikono, akatuongoza hadi kwa mdogo wake. Alikuwa ameinama juu ya injini, grisi mpaka kwenye viwiko, na ile suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba kwa jinsi alivyokuwa amepungua. Alimsikiliza Fundi, akamtabasamia kwa adabu.

"Lakini mimi niko sawa, Mama. Ni asidi tu."

"Hauko sawa," Fundi alisema. "Kesho saa mbili nitakuwa kwa mlango ya kamera. Usipokuja, nitakuja kukuchukua na hiyo grisi yako."

Alikuja. Dada zao wawili pia walikuja, na wale walikuwa salama. Yeye alikuwa na uvimbe, na saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi mbili. Alipasuliwa, akapewa dawa, akarudi kwenye injini zake kwa muda. Fundi alistaafu bila sherehe, alikataa hata keki. Nami nikapewa chumba chake, mashine yake, na watu wawili wa kusimamia, mwanamke na mwanamume, wote wenye miaka mingi kazini.

Kijana wa injini alizikwa mwaka huu. Fundi alikuwepo mazishini, amekaa na akina mama wa Dunga kana kwamba ni mmoja wao, na Mama Barafu alimwegemea begani. Hatukuzungumza siku hiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake Awasi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, anachambua osuga. Alikuwa amezeeka ghafla. Alinisogezea kigoda kingine na rundo la mboga nichambue.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba sikujua siku ile, nilijua siku kumi na tisa kabla, na kwamba nilikata kioo cha pili kwa siri nikanyamaza.

"Najua," alisema.

Sikuelewa.

"Kabati iko na daftari. Mtu akitoa kioo anasaini. Wewe ulisaini tarehe nne, kwa mkono yako nzuri ile. Ukakuja kwangu ishirini na tatu. Niliangalia kabla hatujaenda Dunga."

"Mbona hukuniambia kitu, Fundi?"

"Ningekuambia nini, nyathina, mtoto wangu? Nilikuwa naangalia hiyo ukuta yangu, nikaona majina yote yenye nimewahi kuweka. Nikajua hizo siku kumi na tisa ni mimi nilizitengeneza." Alitupa bua kando. "Miezi tano ni kosa ya mkono. Hizo zingine ni kosa ya mdomo yangu."

Nililia, sioni haya kusema. Aliniacha nilie. Baadaye nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu kaburini, kama siku zile ndizo zilizomuua kijana.

"Sijui. Hakuna dawa ya kutuonyesha hiyo. Ukisema ndiyo, unajitesa bure. Ukisema hapana, unadanganya. Kaa nayo hivyo."

Tuliendelea kuchambua. Kuku walikuwa wakigombania mabua. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kutafuta maneno ya kuaga.

"Hao watu wako wawili," aliuliza, "wanakuogopa?"

Nilitaka kucheka. Nikamkumbuka yule mwanamke, jinsi anavyoacha kuzungumza ninapoingia. Nikakumbuka kwamba ubao sikuwahi kuuondoa.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi kuna kitu wanakuficha."

Jumatatu nilifika mapema. Nilifunga mlango, nikawaketisha wale wawili, nikawasimulia habari ya siku kumi na tisa tangu mwanzo, pamoja na kile kioo cha siri na uongo niliousema. Sikuwauliza chochote. Nilipomaliza, maji yalikuwa yanaanza kupata moto. Kisha yule mwanamume akainuka polepole, akaenda kwenye droo yake, akaifungua kwa ufunguo.